Baba Yako Hakunipiga

Tuse mwanangu,

Umetoka kwenda kuagana na wanakwaya wenzako, na nawajua, hamtaachana kabla ya kumaliza soda zote. Begi lako limesimama karibu na mlango. Sitakuandikia habari za sweta, wala za kushika simu vizuri ukishuka stendi ya Mbeya. Hayo nimeyasema hadi nimejichosha mwenyewe. Nataka kujibu swali uliloniuliza juzi jikoni, lile nililolikimbia.

Ulikuwa unamenya viazi. Uliniambia hutahangaika tena na hosteli ya chuo, baba yako amekuandalia chumba nyumbani kwake Uyole, amekipaka rangi na kuweka meza ya kusomea. Nikasema vizuri. Kisha ukauliza, macho yakiwa kwenye kisu, "Mama, hivi baba alikufanya nini hasa? Mwenyewe anasema hajawahi kukupiga hata kofi."

Nikasema yamepita. Nikatoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Baba yako anasema kweli. Hakunipiga. Miaka yote niliyokaa kwake hakuwahi kuninyanyulia mkono, na kuna siku nilitamani anipige, mara moja tu, mbele ya watu, nipate alama ya kuwaonyesha. Najua si jambo la kumwandikia binti. Lakini umeshakuwa mtu mzima, na unakwenda kulala chini ya paa nililolikimbia mimi. Afadhali uende unajua.

Nilifika Mbeya nikiwa nimetoka tu chuo cha ualimu, nimepangiwa shule ya msingi pale Uyole, darasa la tatu, watoto wengi kuliko madawati. Baba yako alikuwa anasambaza vifaa vya ujenzi kwa pikapu. Alileta mabati ya jengo letu jipya, akakaa shuleni mchana kutwa kwa sababu mvua ilikataa kukatika, na hadi anaondoka walimu wote walikuwa wanamwita shemeji. Alikuwa mcheshi. Hata sasa ni mcheshi, wewe mwenyewe unamwona. Mimi msichana wa Kilolo, niliyelelewa na watu wasiotumia maneno mengi, nilidhani nimeokota dhahabu njiani.

Tulipooana ilianza na kunyamaza. Jioni moja alirudi, akaonja mboga, akaweka kijiko chini, na hakunisemesha hadi wiki iliyofuata. Alikuwa anaongea na wageni, anaongea na simu, anacheka na redio. Mimi nilipita mbele yake kama mtu ambaye hayupo. Nikaanza kutafuta kosa langu. Labda chumvi. Labda nilisimama na jirani muda mrefu. Labda nilicheka vibaya mbele ya rafiki zake. Siku aliyoamua kunisemesha alinisemesha kama hakuna kilichotokea, akaniletea parachichi kutoka kwao Tukuyu, yale makubwa, akanimenyea kwa mkono wake. Nikamshukuru. Mpaka leo kinachoniuma zaidi ni hicho, kwamba nilikuwa namshukuru.

Baadaye yakaja mengine. Alikuwa ananisimamisha sebuleni nieleze njia niliyopita kutoka shuleni, nilikutana na nani, alisema nini, mimi nilijibu nini. Nikikosea mpangilio wa maneno ananirudisha mwanzo, taratibu, bila kupaza sauti, kama mwalimu anayesahihisha imla. Siku moja alirusha chupa ya chai ukutani, kando ya kichwa changu. Chai ikanirukia shingoni. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, umelala, ukashtuka ukalia. Akatutazama, akasema, "Umeona? Sijakugusa." Halafu akachukua ufagio akafagia vigae mwenyewe.

Mimi nilikuwa najiambia kwamba ndoa ndivyo zilivyo, kwamba wenzangu wanapigwa, wenzangu wana waume walevi, mimi nina nini cha kulalamikia. Nilijiambia hivyo kila siku na nikajisadiki. Ila mwili haukunisadiki.

Masikio ndiyo yalianza. Nyumba yetu haikuwa mbali na barabara kuu ya Zambia, malori yanapita usiku na mchana, na katika vurugu hiyo yote nilikuwa naitambua pikapu ya baba yako kabla haijakata kona. Alikuwa na tabia ya kukanyaga mafuta kwa nguvu mara moja kabla ya kuzima injini. Nikisikia ule muungurumo, moyo unanipiga hadi kwenye meno. Mikono inakuwa baridi, mate yanakauka. Mara nyingi nilikimbilia chooni kabla ya kwenda kufungua geti. Nikadhani ni amiba. Nikanywa dawa za amiba, kisha za vidonda vya tumbo, kisha za taifodi, kisha za UTI. Kila zahanati niliyokwenda walinipata na kitu, na kila nilichokutwa nacho nilikinywea dawa nikamaliza dozi, na jioni pikapu ikiunguruma ninakimbilia chooni palepale.

Nywele zikaanza kutoka. Nilikuwa na nywele nyingi, Tuse, hizo zako umezichukua kwangu. Zikawa zinabaki kwenye kitana kwa mafungu, nikawa nazifukia nyuma ya nyumba ili bibi yako wa Tukuyu akitutembelea asizione, asije akasema kuna mtu anazitafuta.

Kisha hedhi yangu ikasimama. Wewe ulikuwa umeshaacha kunyonya siku nyingi. Mwezi ukapita, na mwingine, na bibi yako wa Tukuyu, mama yake baba yako, ambaye macho yake hayakupitwa na kitu, akafurahi. Akashuka kwenye basi na mikungu miwili ya ndizi na kuku, akaanza kuniita mama wa wawili. Akanikataza kuinua ndoo. Baba yako naye akawa mpole. Nilipata majuma ya kupendwa kwa ajili ya mtoto ambaye ndani yangu nilikuwa na hakika hayupo, na nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka kupumzika. Mwisho bibi yako akanipeleka kupima. Hakukuwa na kitu. Alipanda basi lake kurudi Tukuyu bila kuniaga, na baba yako akanyamaza kwa muda mrefu kuliko mara zote za nyuma, hata wewe ulianza kutembea kwa vidole vya miguu ndani ya nyumba.

Likizo hiyo nilikwenda Kilolo kumwona mama yangu. Nilitaka kumwambia. Tulikuwa shambani tunavuna maharage, nikazunguka kwenye maneno, mwisho nikasema kwamba mama, sina raha kule.

Hakuacha kung'oa. "Anakupiga?"

"Hapana."

"Anakunywa?"

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Sijui. Sidhani."

"Sasa mwanangu," akasema, "unataka nini?"

Ningemwambia nini, kwamba nataka mume asinyamaze? Mama yangu alifungiwa nje ya nyumba na baba yangu, akalala bandani na kuku wakati wa masika, na alivumilia. Akina mama wa kanisani nao waliniambia nivumilie, niombe, nipunguze mdomo. Hilo la kupunguza mdomo nililishika zaidi kuliko mengine. Kumbe nilikuwa nalifanyia kazi kuliko nilivyojua.

Ilikuwa Jumatatu, somo la kwanza. Niliingia darasani, watoto wakasimama, wakanisalimia kwa kuvuta kama kawaida yao. Nikafungua mdomo kuitikia. Ukatoka upepo. Nikajaribu tena, upepo. Watoto wakadhani ni mchezo, wakacheka, kisha wakaona uso wangu wakaacha kucheka. Niliandika ubaoni kwamba nina mafua. Mwalimu mwenzangu Anyisile, huyu huyu mama mkubwa wako wa Iyunga anayekutumia kanga kila Krismasi, alinipa tangawizi na asali. Nilikunywa wiki nzima. Sauti haikurudi wiki ile, wala mwezi ule.

Mwalimu asiye na sauti, fikiria. Nilikuwa napiga meza kwa rula, natumia kiranja kusoma nilichoandika. Wazazi wakaanza kulalamika. Lakini si shule ninayotaka kukuambia, ni nyumbani. Nyumbani hapakuwahi kuwa na amani kama kipindi kile. Sikuwa na sauti ya kueleza njia niliyopita, kwa hiyo hakuniuliza. Sikuwa na sauti ya kukosea. Baba yako akawa anarudi mapema, anakubeba mabegani, anapika hata uji. Wageni wakija, anawaambia kwamba tangu mke wake aache kuongea nyumba imekuwa nzuri, na wageni wanacheka, na mimi nilicheka pamoja nao. Cheko langu halikuwa na sauti. Nilikuwa natikisa mabega tu.

Bibi yako wa Tukuyu ndiye aliyesema nimerogwa, tena na watu wa kwetu. Baba yako akasema kwanza hospitali. Kwa hilo nampa haki yake. Tulikwenda ile kubwa ya mjini, tukakaa kwenye benchi hadi mchana, tukaingia kwa daktari wa koo, dada mdogo tu kwa umri, amechoka, miwani imeshuka puani. Akaniuliza imeanza lini, baba yako akajibu. Akaniuliza ninaumwa wapi, baba yako akajibu. Akaniingiza kioo kooni akatazama kwa muda. Kisha akamwomba baba yako aende dirishani kufuatilia kadi yangu, na baba yako alipokuwa anasitasita, akamwambia kwamba bila kadi hawezi kuendelea. Akatoka.

"Kohoa," daktari akaniambia.

Nikakohoa.

"Tena."

Nikakohoa tena. Akavua miwani. Akaniambia kikohozi changu kina sauti. Koo lililokufa halikohoi hivyo. Koo langu ni zima, na kamba zake za sauti ni nzima kama za msichana.

Nikaanza kulia, nikidhani anasema ninaigiza. Akanishika mkono, akasema hapana, siigizi. Akaniambia hali kama yangu watu wanaiita msongo wa mawazo, kama vile ni mawazo tu, yanakaa kichwani. Akasema mwili una njia moja tu ya kuogopa. Ukiona hatari, moyo unakimbia ili damu ifike miguuni, pumzi zinakuwa fupi, tumbo linaacha kazi kwa sababu anayekimbia hana haja ya kusaga chakula, na uzazi unaambiwa usubiri. Vyote vinasubiri hatari ipite. Ikipita, kila kitu kinarudi kazini. Mwili umeumbwa vizuri, akasema, lakini umeumbwa kwa hatari inayopita.

Akatazama mlangoni. "Ya kwako haipiti, mama. Nadhani inatoka asubuhi na kurudi jioni."

Sikumwambia kitu kuhusu baba yako, Tuse. Sikuwa hata na sauti. Alituona tu, mimi na yeye, kwa muda usiotosha hata kunywa chai. Watu walioishi nasi, waliotuombea, waliokula ubwabwa wa harusi yetu, hawakuona. Wengine waliona. Nimeshindwa kuwasamehe hao zaidi ya ninavyoshindwa kumsamehe yeye.

Baba yako aliporudi na kadi, daktari akamwambia nahitaji kupumzika mbali, kwa watu wangu. Yeye hakutaka. Aliyenitoa ni bibi yako wa Tukuyu, bila kujua. Alisema kama niliharibiwa na watu wa kwetu, basi watu wa kwetu ndio wanitengeneze, yeye hataki maiti nyumbani kwa mwanawe. Kwa hiyo nilipandishwa basi na wewe mapajani, nikiwa na mfuko mmoja wa nguo. Hakuna mtu aliyedhani ninaondoka. Na mimi sikudhani.

Kule Kilolo sikufanyiwa dawa yoyote. Mama alinipa kazi za mikono, kupukuchua mahindi, kuchambua maharage. Nililala. Nililala mchana kama mtoto mchanga, nikaamka kula nikalala tena. Asubuhi moja nilitoka nje nikakuta mbuzi wa jirani ameingia kwenye matembele ya mama, nikamfokea. Nilimfokea kwa Kihehe, sauti nzima, matusi ambayo sikuwa nimeyasema tangu utotoni. Mbuzi akakimbia, na mimi nikabaki nimesimama na mkono mdomoni. Wewe ulikuwa mlangoni. Ukaniuliza, "Mama, ni wewe?"

Kaka zangu wakafurahi. Nimepona, wakasema, sasa nirudi kwa mume wangu. Wakampigia simu palepale, wakanipa nizungumze naye. Akasema haloo, mama Tuse. Ile sauti laini, ya parachichi. Nikasema, ndiyo, nimepata nafuu, namshukuru Mungu. Akasema vizuri, Jumamosi anakuja kunichukua, na nitamweleza vizuri nilikuwa nafanya nini muda wote huu. Nikafungua mdomo kujibu. Ukatoka upepo.

Mama yangu alikuwa amekaa mbele yangu na ungo. Aliona. Aliona midomo inachezacheza na hakuna kinachotoka. Akaweka ungo chini, akaichukua simu mkononi mwangu, akaikata. Hakuniuliza tena kama ninapigwa.

"Kaa," akasema. Basi. Hakuniomba radhi, wala hakuwahi kulizungumza tena hadi tulipomzika. Watu aliwaambia mimi ni mgonjwa, hakuwaambia nimeondoka. Lakini baba yako alipokuja Jumamosi, alimkuta yeye kwenye kiti mlangoni, na hakuinuka hapo hadi pikapu ilipogeuza.

Ndivyo nilivyohamia Iringa, nikaomba shule hapa Kihesa, tukaanza maisha ya chumba kimoja unayoyakumbuka. Na mimi nikadhani imekwisha. Nilidhani mwili ni kama mfanyakazi, ukimwambia kazi imekwisha anavua ovaroli anakwenda zake. Haukuniamini. Nimekaa hapa miaka na miaka, na bado gari la dizeli likisimama nje naacha kupumua. Meno ya nyuma nimeyasaga usingizini hadi mawili yakang'olewa. Presha ninayomezea vidonge kila asubuhi, ambayo huwa nakuambia ni ya ukoo, kwetu hakuna mtu aliyekuwa nayo. Hedhi ilirudi, nywele zikarudi kiasi, sauti nimebaki nayo. Vingine sikurudishiwa.

Kuna jambo jingine, na hili nimelizunguka tangu nianze kuandika. Ulipokuwa darasa la tatu ulikwenda likizo kwa baba yako. Mimi ndiye niliyekupeleka stendi, kwa sababu sikutaka watu waseme namnyima mtoto baba yake. Uliporudi ulikuwa huli. Kucha zako ulikuwa umezitafuna hadi nyama. Tumbo lilikuuma kila alipopiga simu, na kitanda ulikilowesha, wewe uliyekuwa umeacha zamani. Nilikukalisha kwenye stuli, nikakuuliza, "Amekupiga?"

Ukasema hapana.

Nikakununulia dawa ya minyoo.

Mimi, Tuse. Mimi niliyetoka huko, niliyeambiwa na daktari jinsi tumbo linavyoacha kazi. Nilikuwa na kila kitu cha kuelewa, na nilikuuliza swali lilelile nililoulizwa kwenye maharage, kwa sababu jibu la hapana linampumzisha anayeuliza. Mwaka uliofuata nikakupeleka tena stendi. Sijui kama unakumbuka. Umekua, umesahau, au umeweka mahali. Sasa unasema baba ni mtu mzuri, na siwezi kukuambia hapana, kwa sababu niliyekufundisha kusema hivyo ni mimi. Nilikuwa nakuambia mwambie baba asante, msalimie baba vizuri, baba anakupenda. Nilitaka uwe na baba kama wenzako. Nilidhani uchungu wangu nikiufungia ndani utaishia kwangu.

Mwaka jana nilipokwenda Mbeya kumzika mwalimu mkuu wetu wa zamani, nilikuambia safari ilikuwa ya kawaida. Haikuwa. Tulikuwa nyuma ya nyumba na akina mama tunachambua mchele, na kando yangu alikaa mke wa sasa wa baba yako, mama yako mdogo. Hatukuwa tumewahi kukaa pamoja. Ni mchangamfu, anajua kusimulia, alikuwa anatuchekesha na habari za kuku wake. Katikati ya hadithi gari likasimama barabarani. Si ile pikapu, hiyo aliuza zamani. Lakini dereva akakanyaga mafuta kwa nguvu mara moja, ndipo akazima.

Tuliinua vichwa pamoja. Wanawake wote waliendelea na mchele, sisi wawili tu ndio tuliosimamisha mikono. Hadithi ya kuku ikaishia hapo. Nikauona mkono wake ukienda tumboni, ukakaa pale, na nikajua kabisa ninachokiona.

Akanitazama. Akanisogelea kama anayetaka kuchota mchele kwenye ungo wangu, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, huwa inaisha?"

Nikamwambia inapungua.

Baba yako akaingia uani, akatusalimia sote, akatoa pole, akataja jina la kila mtu na kuuliza habari za watoto wake. Akina mama wakasema mwanaume huyu ana utu. Akaniambia, "Mwalimu, umenawiri." Nilisema asante.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba amepaka rangi chumba, naamini. Meza ya kusomea naiamini pia. Atakuchukua stendi, atakuonyesha kwa rafiki zake, atasema huyu ndiye binti yangu wa chuo. Huenda akawa hivyo miezi yote ya mwanzo. Sikukatazi. Ningekukataza ungekwenda ukiwa umekasirika, na mtu aliyeondoka kwa hasira anachelewa kurudi.

Ninachokuomba ni kimoja, na si ushauri wa vitabuni. Ukikuta siku moja unasimama nyuma ya mlango kusikiliza hatua zake kabla hujatoka chumbani, au chakula unachokipenda kinakushinda, au umepanga kichwani sentensi ya kawaida kabisa kabla ya kuitamka, usikae kujiuliza amefanya nini hasa. Usitafute la kuwaambia watu. Chukua mkoba wako wa vitabu uende Iyunga kwa mwalimu Anyisile. Nimeongea naye. Kitanda kipo, na hatadai maelezo. Na kama ukiweza, siku nyingine, kaa jikoni na mama yako mdogo umsaidie kazi. Usimuulize kitu. Kaa naye tu. Mimi hakuna aliyekaa na mimi.

Utaniambia mama, watu hubadilika, yeye sasa ni mtu mzima, umri umempoza. Nimeliwaza hilo sana tangu juzi. Inawezekana. Utakaa pale miaka yako yote ya chuo, utanenepa, utanipigia simu unacheka, utaniambia baba hajawahi kukununia hata siku moja. Nitafurahi kwa ajili yako, nitafurahi kweli. Lakini usishangae simu ikiwa kimya kidogo upande wangu. Maana nitakuwa nimejua kwamba kumbe alikuwa anaweza.

Mama yako,
Kihesa